Gari ya Gathii Imepungukiwa na Pumzi

Kwanza,
S.L.P. 1174,
KITALE.
18 Januari 2025

Mpendwa dada Edinah,

Nakusalimu kwa mikono miwili kutoka huku nyumbani. Doha kunakwendaje? Ule mguu uliokuwa ukifura ukisimama sana kazini umepona? Mama aliniambia mmeletewa mkubwa mpya, na kwamba huyu hana kelele kama yule wa kwanza, nikashukuru kwa niaba yako. Kula vizuri, dada. Usitume kila kitu nyumbani halafu wewe ubaki na chai ya rangi.

Sisi huku tuko. Mahindi tulivuna, tukapukuchua, tukaanika, na sasa yako ghalani yakingoja bei. Watoto wamerudi shule, na nyumba imekuwa kimya mpaka naongea na kuku. Mama yuko Bungoma na magoti yake, anasema baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Kaka Wamalwa bado anajenga ile nyumba ambayo haiishi.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hakuna siri katika familia hii. Ukimtumia mtu mmoja neno, jioni Wamalwa analijua, na kesho yake mama ananipigia akilia. Absalom wa hapa jirani anarudi huko Jumatano, kwa hivyo nimemfungia barua hii pamoja na mboga ya mrenda niliyokausha. Isome ukiwa peke yako.

Dada, nina mke mwenza. Kaa chini kwanza. Anaitwa Ciru, ni wa rangi ya buluu, ana milango minne, na analala ndani ya banda ambalo lilijengwa vizuri kuliko jikoni yangu. Ni gari. Lakini usicheke mapema, maana hata mimi nilianza kwa kucheka.

Gathii aliinunua mwaka jana kwa kijana mmoja wa Eldoret. Si gari ya kwenda sokoni na kurudi. Ina turbo, na watu wa kompyuta walishaichezea injini ikaongezewa nguvu zaidi ya ile iliyozaliwa nayo. Gathii amenieleza mambo ya turbo mpaka ninaweza kufundisha darasa: moshi unaotoka kwa injini unazungusha feni ndogo, feni hiyo inasukuma hewa kwa presha irudi ndani, na hewa ikiwa nyingi gari inaruka. Kwa hivyo hiyo gari inaishi kwa pumzi, kama mtu. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Aliipa jina, Edinah. Mimi tumeoana miaka hii yote ananiita "wewe" au "mama watoto", lakini gari ni Ciru. Kila Jumamosi anaiosha polepole akianzia kwenye paa, na siku moja nilimkuta akiipangusa kwa leso yangu, ile ya zambarau uliyonipa ukiondoka. Nilipomuuliza alisema ni laini, haichubui rangi. Nilirudi ndani nikakaa kitandani, na ninakwambia ukweli, nilitamani ng'ombe aingie ndani ya lile banda akune pembe zake.

Sasa sikiliza vile mambo yalianza. Novemba tulileta mashini ya kupukuchua mahindi, na safari hii mimi ndiye nilisimama mdomoni kwake, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamechukuliwa na matajiri. Vumbi lilikuwa jeupe, huoni mtu wa pili. Tangu hapo nikawa na kikohozi, halafu kikohozi kikapungua kikaniachia kitu kama filimbi ndani ya kifua. Nikipanda na ndoo kutoka kisimani nasimama njiani. Nilimwambia Gathii. Alisema nifunge dirisha, baridi ya Kwanza ni mbaya.

Wiki hiyo hiyo Ciru naye akaanza kukosa pumzi. Gathii alikuwa anatoka Bungoma, na kwenye kile kilima cha kabla ya Kiminini akakanyaga mafuta, gari ikakataa kuruka. Alifika nyumbani uso umeanguka, nikadhani kuna msiba. Kumbe saa ya presha kwenye dashibodi ilikuwa inafika nusu tu ya pale inapofikaga. Hakula. Nilikuwa nimechinja kuku, na wewe unajua Gathii na kuku.

Kesho yake alifungua boneti akaanza kutafuta. Alitoa chujio la hewa akalikuta limejaa vumbi la mahindi lile lile lililokuwa kifuani mwangu. Akalitupa, akanunua jipya, akalikumbatia likiwa kwenye karatasi. Haikusaidia. Fundi mmoja wa mjini Kitale akamwambia turbo imekufa, anunue nyingine. Gathii alirudi akakaa kwenye kiti cha dereva bila kuwasha gari, na nilipokohoa mlangoni alinyanyua mkono ninyamaze, kwa sababu alikuwa anafikiria. Siku hiyo niliona wivu mpaka mate yakawa machungu.

Halafu akasikia habari za fundi wa Bungoma anayejua magari yaliyoongezewa nguvu. Jumamosi ya kwanza akaenda, akarudi anapiga mluzi. Ya pili akaenda akiwa amenyoa ndevu. Fundi huyu alisema hivi, fundi huyu alisema vile, turbo haijafa, tusiharakishe, tupime kwanza. Nikafurahi kwamba amepata mtu wa maana. Nilimwona kichwani mwangu mzee mwenye kofia na kitambi.

Siku moja simu yake ililia akiwa bafuni, imeandikwa Fundi Bungoma. Nikapokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini kama uji wa wimbi uliochujwa, na ikaniuliza kama Ciru ameamka salama. Nilikata simu, nikakaa pale pale jikoni mpaka ugali ukaungua.

Jumapili, nje ya kanisa, Nyaguthii yule tunayeimba naye kwaya akanivuta pembeni. Alikuwa ameona gari ya buluu pale Webuye, Gathii akiendesha, na pembeni yake msichana amekalia kiti cha mbele na kompyuta magotini. Lisemwalo lipo, aliniambia, kama halipo laja. Na huyo Nyaguthii hakuonekana kusikitika hata kidogo.

Nilimuuliza Gathii waziwazi. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alisema gari ikikimbia kuna mtu lazima asome namba kwenye kompyuta, na yeye hawezi kuendesha akisoma. Nikamuuliza kwa nini mtu huyo si mimi. Akasema, wewe utaelewa nini? Edinah, wewe ni shahidi, Fizikia ya kidato cha nne nilipita kuliko Wamalwa.

Basi Jumamosi iliyofuata nilivaa kile kitenge cha harusi ya Wamalwa, nikapaka mafuta, nikaingia kwenye gari kabla yake na kukalia kiti cha mbele. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda Bungoma kumwona mama, ama siku hizi barabara imekuwa ya watu fulani. Akawasha gari. Kutoka Kiminini mpaka Misikhu nilikuwa nasikia mambo mawili tu, gari ikikosa pumzi na mimi nikikosa pumzi, na yeye alikuwa anasikiliza moja.

Gereji iko nyuma ya stoo ya mbolea, ukitoka Kanduyi. Huyo fundi anaitwa Nakhungu. Ni mdogo kwangu, mrefu, amekunja mikono ya ovaroli, na meno yake yamepangwa vizuri. Nilimtafutia kasoro nikakosa. Hata kucha zilikuwa safi, na ni fundi wa magari. Aliniamkia kwa heshima, nikaitikia kwa pua.

Walipofungua boneti nilikuwa kama sipo. Vichwa viwili vimeinama pamoja, na Gathii anamwigia gari kwa mdomo, kwanza inafanya fuuu, halafu inafanya fiii. Mimi hajawahi kunifanyia sauti yoyote. Roho iliniuma nikaamua, leo nikirudi Kwanza ni kuchukua nguo zangu tu, nitakaa kwa mama mpaka mtu huyu ajue mke ni nani.

Lakini kabla ya kuondoka nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nilimuuliza yule msichana ukoo. Akautaja. Edinah, ni ukoo wa mama yetu, wale wale akina kuka, babu yetu mzaa mama. Nikamuuliza tena, akanitajia babu yake mpaka na mto wanakochota maji. Ni ndugu kabisa upande wa mama, yaani kwetu sisi huyo ni mama mdogo, hata kama mimi nilikuwa darasa la nne wakati anazaliwa.

Unajua maana yake. Mama mdogo wangu ni mama mkwe wa Gathii. Na mkwe wa Kibukusu hamshiki mkono mama mkwe, hakai naye kiti kimoja, hali mbele yake, hata kikombe hampokezi mkononi. Na huyu Mkikuyu wangu alikuwa amezunguka na mama mkwe wake Webuye nzima, magoti kwa magoti!

Nililitangaza jambo hilo kwa sauti ya kwaya. Mafundi wote waliacha kazi. Yule wa kuchomelea vyuma alicheka mpaka akakaa chini. Gathii alisimama na spana mkononi hajui aiweke wapi, akasema si hiyo ni mila yenu bana. Nikamwambia ulipopeleka ng'ombe kwa baba ulidhani unanunua nini. Nakhungu mwenyewe alicheka kidogo, kisha akatoa mkono wake kwenye boneti, akazunguka akasimama upande wa pili. Alilelewa vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kuanzia hapo wakawa wanapitishiana vyombo kupitia kwangu. Yeye ananipa bisibisi, mimi nampa Gathii, na nilijisikia kama nimeshinda kesi.

Kwa hivyo kompyuta nikashika mimi. Tulienda barabara ya Webuye, Gathii akakanyaga, na kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari miwili. Wa juu ni presha ambayo injini inataka, wa chini ni presha inayopata. Wa juu ulipanda kama mlima, wa chini ukaanza vizuri, halafu ukachoka katikati. Nilielewa mara moja, dada. Nimeishi na mistari hiyo miwili. Gathii akaniuliza, inasomaje? Akangoja jibu langu. Sikumbuki mara ya mwisho aliponiuliza kitu akangoja jibu, na nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Tuliporudi Nakhungu aliangalia mistari akasema, turbo inazunguka vizuri, hewa inatengenezwa, ila inapotelea njiani. Akachukua kipande cha paipu ya plastiki kilichozibwa, kimepigiliwa valvu ya gurudumu, akaziba nacho mdomo wa kuingizia hewa. Akajaza upepo wa pampu ndani, injini ikiwa imezimwa. Kisha akachukua maji ya sabuni ya Omo kwenye chupa ya kunyunyizia, akawa anapuliza kila kiungo. Akaomba redio izimwe na mtu wa kuchomelea apumzike, kwa sababu hewa ikitoroka inalia.

Gereji yote ikawa kimya. Tulisikia fiii ndogo. Chini ya ule mpira mnene unaotoka kwenye turbo povu likaanza kuumuka, na Nakhungu akaonyesha kwa kidole, akimwonyesha yule wa kuchomelea ili amwonyeshe Gathii. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini. Gari ikipoa ufa unajifunga usiuone, presha ikija unafunguka. Gathii aliufungua akaubeba kama mtoto aliyetoka kuzaliwa, akiugeuza na kuusikitikia, na mimi pale pale wivu ukanirudia wote.

Wakafunga mpira mwingine, wakajaza upepo tena, wakapuliza Omo. Hakuna povu. Lakini Nakhungu akanyanyua mkono. Bado kuna sauti, alisema. Na kweli ilikuwepo, fiii, nyembamba, inakuja na kukatika. Gathii akalaza sikio kwenye kila paipu, akafumba macho. Alisikiliza mbele, akasikiliza chini, akalala kwenye mafuta na shati la Jumamosi. Pampu ikazimwa, upepo ukatolewa wote. Sauti bado iko.

Nakhungu akazunguka mbele ya gari polepole, ameinamisha kichwa upande mmoja, mpaka akafika niliposimama. Akaweka ile chupa ya Omo chini. Akaniwekea kiganja mgongoni, hapa kati ya mabega, akaniambia nivute pumzi. Nikavuta. Filimbi ikalia, na kila mtu gereji hiyo akaisikia.

Hakumwangalia Gathii, kwa sababu sasa hakuruhusiwa kumwangalia. Aliangalia gurudumu la gari. Akauliza, kwa sauti ya mama kabisa: Mtoto wangu anapumua hivi tangu lini?

Gathii alitoka chini ya gari akasimama. Edinah, mtu huyu anajua ni kilima gani Ciru alipoteza pumzi, anajua gia aliyokuwa nayo na upande jua lilikuwa. Mimi, akaanza kunihesabia miezi kwa vidole vyenye mafuta, akapoteza hesabu.

Hapo ndipo huyo msichana niliyemfunga kwa mila akaishika ile mila kwa upande wa makali. Alimgeukia yule wa kuchomelea akamwambia, mwambie mkwe wangu ampeleke mtoto hospitali sasa hivi, na asirudi hapa kuchukua spana yoyote mpaka ameniletea habari. Yule akarudia maneno yote, ingawa Gathii alikuwa amesimama hapo hapo. Neno la mama mkwe halirudishwi, hata kama anakuja kwa ovaroli na ana miaka ishirini na kitu. Gathii aliinamisha kichwa, akanifungulia mlango.

Usianze kunigombeza, najua, mficha maradhi kifo humfichua. Lakini mimi sikuficha, nilisema, nikaambiwa nifunge dirisha. Daktari alisema njia za hewa zimevimba na kubana kwa sababu ya lile vumbi, na kwamba nikisimama tena kwenye mashini ya kupukuchua msimu ujao, pengine sitatoka. Amenipa pampu ya kuvuta mdomoni na dawa, na nirudi baada ya mwezi. Mashini nimekatazwa kabisa. Ninaendelea vizuri, ndoo nafikisha bila kusimama.

Tulirudi Kwanza jioni ile. Ciru alikuwa amepata pumzi yake yote, mimi mwenyewe niliisikia ikivuta kama fahali kwenye kamba. Gathii alikuwa amengoja siku hiyo tangu Novemba. Hakukanyaga. Alizima redio, akafunga madirisha, akaenda mwendo wa kubeba mayai, kwa sababu matuta yalikuwa yananikohoza. Kabla ya Misikhu tulipitwa na trekta la miwa. Dereva wake alitugeukia akatupungia mkono, na Gathii akampungia pia.

Usidhani wivu umeisha. Huyo Nakhungu nampenda na simpendi. Nimemtumia kuku wawili, na kila nikimkumbuka kuna kitu kinanichoma: alinisikia siku moja tu, na mwenye nyumba hakunisikia miezi. Hilo sijalimaliza na sitaki uniambie nilimalize. Ila sasa kila asubuhi kabla ya kutoka, Gathii ananisimamisha karibu na mlango, analaza sikio mgongoni mwangu na kufumba macho, vile vile alivyofanya kwa yale mapaipu. Nataka kumwambia mimi si paipu. Lakini nasimama tu, navuta pumzi polepole, ili asimalize haraka.

Kwa mama nitaenda mwisho wa mwezi, kwa kumtembelea tu. Usimwambie habari ya nguo nilizotaka kuchukua. Nisalimie Phoebe mnayeishi naye, na yule Phelista mwingine, wajina wangu. Wamalwa na watoto wake wanakusalimu, na mama mkwe wangu wa hapa Kwanza, ambaye siku hizi ananipikia uji wa tangawizi na kusema ni yeye aligundua. Mungu akulinde na jua la huko, akulaze salama, na akurudishe ukiwa na miguu yote miwili mizima.

Gathii pia anakusalimu. Yuko nje anaiosha Ciru, na leso ni ile ile. Nimekohoa sasa hivi, kidogo tu, kwa makusudi. Nasikia ameacha kumwaga maji.

Mdogo wako akupendaye hata ukichelewa kujibu,
Phelista